Nimemtibu Mume Wangu Mpaka Kanikimbia

Mpendwa Bi Tyyne,

Naomba unisaidie, na ukiona sisaidiki basi nicheke tu nijue moja, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka mbavu zinauma na jibu bado sijalipata. Jina langu usilitaje gazetini, ingawa najua hapa kwetu Kantola watu wakifika mstari wa tatu watakuwa wameshanitambua, na wengine watakikata kipande hiki wakibandike kwenye mlango wa jokofu, lakini angalau niweze kusema kwamba nilijaribu kujificha.

Mimi ni mshauri wa tiba ya tabia katika kliniki ya mji wetu. Daktari akishamwambia mtu aache sigara, au apunguze uzito, au ameze dawa zake kila siku, na mtu akaitikia "sawa dokta" halafu akaenda zake kufanya yale yale, basi huyo huletwa kwangu. Mimi simwamrishi, kwa sababu tumefundishwa kwamba mtu mzima ukimwamrisha anakaza shingo, kwa hiyo unamuuliza, unamsikiliza, unamrudishia maneno yake mwenyewe taratibu mpaka ajisikie akisema kwa kinywa chake kwamba anataka kubadilika. Unamuuliza, kutoka moja mpaka kumi, una utayari kiasi gani wa kuacha sigara, naye akisema nne humwambii kwamba nne ni ndogo, unamuuliza kwa nini amesema nne na si mbili, na hapo mwenyewe anaanza kukupa sababu za kuacha bila kujua kwamba ameingia mtegoni. Ni kazi nzuri, Bi Tyyne, na sioni haya kusema kwamba naiweza, kuna wakata magogo humu mjini ambao wake zao walishawakatia tamaa na leo hawagusi sigara, wananiletea samaki kila Krismasi.

Basi sasa sikiliza ujinga wangu.

Mume wangu nitamwita Weikko, kwa sababu ndilo jina lake na akina Weikko humu ni wengi, kila mtu atafikiri ni wa jirani. Alikuwa dereva wa greda la kaunti la kusukuma theluji barabarani mpaka alipostaafu, mtu wa maneno machache, mwenye tumbo la heshima na masikio mekundu. Alipopimwa akaambiwa ana kisukari, nitakwambia kweli, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi, nikasema huyu ana bahati, wenzake wanangoja miezi kupata nafasi ya kuniona na yeye ananiona kila asubuhi nikiwa na nywele zimesimama. Kaka yake, Urho, naye alikuwa nacho, alikatwa mguu na mwaka haukuisha tukamzika, lakini hayo ni mambo ya zamani na wala sikukusudia kuyaandika hapa.

Nikaanza kazi. Kwanza nikabadilisha nyumba, maana sisi tunaamini mtu halegei kwa sababu ni mbaya, analegea kwa sababu biskuti iko karibu, kwa hiyo biskuti zikapanda kabati la juu kabisa, sahani kubwa zikaenda chini ghalani, na ule mkate mtamu wa iliki aliokuwa akiupika mama yake, ambao kwetu kahawa bila huo ni maji ya moto tu, nikaufukuza nyumbani kabisa. Nikamnunulia viatu vya mazoezi nikaviweka mbele ya mlango ili avione, akavikwaa kwanza ndipo akaviona. Nikamfundisha kufunga tabia mpya kwenye tabia ya zamani, kwamba ukimaliza kupiga mswaki unakagua nyayo zako, mswaki, nyayo, mswaki, nyayo, nikamwimbia mpaka akaniomba niache. Kisha nikaleta chupa kubwa ya kioo na gololi, kila akifanya jambo jema anatia gololi moja, chupa ikijaa tunakwenda kokote anakotaka yeye, na usiniulize mtu mwenye akili timamu anampaje gololi mwanamume aliyeendesha greda maisha yake yote katika dhoruba za Ziwa Superior, kwa sababu nilimpa, na nilimpa huku natabasamu.

Na kila siku nikamuuliza. Chakulani nikamuuliza, ndani ya gari nikamuuliza, akishusha pumzi tu mimi namwambia, "Nasikia kwamba siku ya leo imekuwa nzito kwako." Mwanzoni alijibu. Baadaye akaanza kunirudishia. Siku moja nilimwomba akazoe theluji mlangoni, akaweka gazeti chini polepole akaniuliza, kutoka moja mpaka kumi, naona kuna umuhimu kiasi gani wa yeye kuzoa theluji, nikasema tisa, akaniuliza kwa nini tisa na si saba, na mpaka nilipomaliza kueleza nikajikuta koleo nimelishika mimi. Nilipaswa kuelewa siku ile. Badala yake nilikwenda kuwasimulia wenzangu kliniki kwamba mume wangu anaielewa mbinu vizuri sana.

Chupa nayo ikawa inajaa kwa kasi ambayo hakuna kitabu cha tiba kilichowahi kuieleza. Nimekuja kujua baadaye kwamba alikuwa ananunua gololi zake mwenyewe dukani anatia, lakini wakati ule mimi nilikuwa naelea mawinguni. Mchungaji aliponiomba nizungumze ukumbini baada ya ibada juu ya kubadili tabia, nilikwenda nimevaa sweta langu la bluu nikawasimulia habari za mgonjwa wangu mmoja, mwanamume wa makamo, jina lake siri, dereva mstaafu wa greda la theluji. Bi Tyyne, kaunti hii ina dereva mstaafu mmoja tu wa greda la theluji mwenye mshauri wa tabia. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja. Nikasema huyu mtu anatembea kila siku, anakagua miguu yake kila asubuhi, ni mgonjwa wangu wa mfano, na watu wakapiga makofi, naye akainuka nusu akapunga mkono, masikio mekundu kuliko kawaida, nami nikajua ni fahari.

Baada ya siku ile Weikko akaacha kuoga sauna na mimi. Unajua mwenyewe kwetu sisi wenye asili ya Kifini Jumamosi ni nini, tangu tuoane tunaingia pamoja kwenye kile chumba cha mvuke nyuma ya nyumba, hakuna nguo na hakuna maneno mengi, na tumegombana mara chungu nzima katika ndoa yetu lakini Jumamosi tuliingia. Sasa akawa anakwenda kwa jirani yetu Onni, anasema jiko la Onni linapasha mawe ya mvuke vizuri zaidi. Halafu nikakumbuka kwamba dada yake Onni, Lempi, amefiwa na mume na amehamia pale, na kwamba Lempi anapika ule mkate wa iliki kila Jumamosi, na mume wangu anarudi ananukia iliki. Wivu ulinishika mimi mwanamke mzima mwenye shahada mbili, nikaanza kupaka rangi ya mdomo kwenda kuchukua barua kwenye sanduku la barabarani.

Jumamosi moja mchana nikashindwa kuvumilia. Nikavaa mabuti, nikakatiza kwenye theluji iliyonifika magotini mpaka nyuma ya nyumba ya Onni, na kupitia dirisha la jikoni nikamwona Lempi peke yake, maskini, anakanda unga wake, hana hili wala lile. Ningerudi nyumbani hapo. Sikurudi, nikaenda kwenye mlango wa sauna nikaufungua kwa nguvu, na humo ndani wamekaa wazee wawili uchi, na Onni amepakata mguu wa mume wangu anaufunga bandeji, anaizungusha kama mtu anayefunga fimbo ya kuvulia iliyovunjika, na kando yake kopo la ile dawa ya kupaka chuchu za ng'ombe.

"Funga mlango," Onni akasema, "mvuke unatoka."

Nikafunga. Chini ya kidole gumba cha Weikko palikuwa na shimo, na pembeni yake nyama imegeuka rangi ambayo mimi naijua kutoka kwenye picha za mafunzo. Yeye akavuta taulo akajifunika magoti kana kwamba aliyeingia ni mgeni. Na mimi, mke wake, nikiwa nimesimama pale na mabuti yanachuruzika maji, kinywa changu kikafunguka kikasema, kwa sauti ileile ya kliniki, "Nasikia kwamba umekuwa ukipitia kipindi kigumu."

Weikko hata hakunitazama. Alimtazama Onni akamwambia, "Si nilikwambia?"

Nilimpeleka kwa daktari saa ileile, na njiani nilinyamaza kwa sababu kila neno lililonijia lilikuwa swali. Yeye ndiye aliyesema. Alisema kidonda kilianza kama lengelenge kwenye vile viatu vya mazoezi, vilimbana lakini nyayo zake zina ganzi hakusikia, na alipokigundua kilikuwa kimeshatoboka. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia ungeniuliza kutoka moja mpaka kumi," akasema. "Nilikuwa nimepanga kukwambia Jumapili, mke wangu. Jumapili ukanisimamisha ukumbini wakanipigia makofi. Mtu aliyekwisha kupigiwa makofi anasemaje?"

Daktari wetu, binti mdogo anaitwa Lindqvist, amesema ugonjwa haujafika kwenye mfupa, kwa sasa. Kidonda kisafishwe na kufungwa upya kila siku, avae kiatu maalumu, asikanyage barafu msimu huu wote, sauna marufuku mpaka aruhusiwe. Kisipopona kidole kitaondoka, na baada ya kidole alianza kusema kitu kingine akakiacha. Weikko amekubali yote kwa sharti kwamba Onni ndiye atakayemfunga na Onni ndiye atakayempeleka kliniki, mimi nisiguse. Mimi nikimsemesha ananijibu "sawa". Hiyo sawa naijua, nimeisikia kazini maisha yangu yote, ndiyo sawa ya mtu anayetaka uondoke.

Tatizo ni kwamba Onni na Lempi wanaondoka wiki ijayo kwenda Florida kwenye joto, kwa binti yake Onni, kumalizia baridi, kama Onni afanyavyo kila mwaka. Weikko anasema atajifunga mwenyewe. Bi Tyyne, huyu mtu hajauona unyayo wake tangu tumbo lile liote, hata soksi anavaa kwa kubahatisha. Juzi Onni alipata mafua hakuja, nikachukua sanduku la bandeji, nikajiapiza kwamba leo sisemi kitu, nikapiga magoti mbele yake, na kabla sijafungua hata mkasi nikajisikia nasema, "Ungependa kunieleza unajisikiaje kuhusu mguu wako?" Akalichukua sanduku mkononi mwangu kwa upole kabisa, akaingia bafuni akafunga kwa ufunguo. Nikakaa sakafuni nje ya mlango namsikia anavyohema akijaribu kuufikia mguu wake, mkasi unaanguka, anatukana kwa Kifini, anaanza upya. Alipotoka bandeji ilikuwa imefunga vidole vitatu na kisigino, kidonda kiko wazi. Akasema tayari.

Nikaingia kwenye gari nikaenda kuegesha nyuma ya kliniki yangu nikala nusu ya mkate wa iliki niliokuwa nimeununua na kuuficha chini ya kiti, kwa sababu ndiyo, ninao, na mtu wa kunishauri mimi juu ya tabia yangu hayupo maana angekuwa ni mimi mwenyewe.

Sasa nifanye nini? Mafunzo yanasema nisubiri mpaka awe tayari mwenyewe, na mguu hausubiri. Nikimlazimisha atakaza shingo. Nikitafuta muuguzi wa nje atauambia mji mzima kwamba hata mimi mke wake nimeshindwa. Na jambo linaloniuma kuliko yote, nimejaribu kukumbuka nilikuwa nazungumzaje na mume wangu kabla ya haya yote, yale maneno ya kawaida tu ya mtu na mtu wake, na siyakumbuki. Nisaidie upesi.

Ni mimi,
Mtaalamu wa Watu Wengine, Kantola

*

Mdogo wangu Mtaalamu,

Nimekucheka kama ulivyoagiza. Nimecheka kwenye gololi, nikacheka zaidi kwenye rangi ya mdomo ya kwenda sanduku la barua. Kwenye mlango wa bafu nikaacha kucheka, nikaisogeza kahawa pembeni.

Kwanza nikutoe wasiwasi mmoja: kazi yako si ya kipuuzi. Shemeji yangu mmoja ni katika hao wakata magogo wako, na leo anapanda ngazi za kanisa bila kusimama katikati. Lakini jiulize kwa nini ilimfaa yeye. Alikuja kwako, akakaa nusu saa, ukamwuliza maswali yako mazuri, halafu akachukua kofia yake akaenda nyumbani. Weikko alikuwa aende wapi? Nyumbani ndiko ulikokuwa wewe na chupa yako. Ulimfungulia kliniki kitandani, mezani na kwenye gari, akabaki na sauna ya Onni, na huko nako ukaja na mabuti. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa shule. Siku aliponirudishia barua yangu ya mapenzi ameisahihisha kwa kalamu nyekundu nilihamia kwa mama yangu mpaka alipokuja kuniomba radhi kwa barua yenye makosa ya makusudi. Wewe umemsahihisha mumeo kwa miezi na unashangaa kahamia kwa jirani.

Lile la ukumbini ni kosa, na si la kuchekesha. Ulichukua jambo la mwili wa mume wako ukalipandisha jukwaani ili upigiwe makofi wewe. Usiniambie yalikuwa yake, yeye aliinuka nusu tu. Utamwomba radhi. Na nakujua, umeshaanza kufikiri kwamba utarudi ukumbini kuomba radhi mbele ya watu wote. Usithubutu. Utaigeuza radhi kuwa somo jingine, watapiga makofi tena, na safari hii atahamia Florida na Onni.

Umeniuliza usubiri awe tayari au umlazimishe. Wala hili wala lile. Mtu anayejifungia bafuni na kupambana na mkasi ili mguu wake ufungwe yuko tayari kabisa kutibiwa, hakuna haja ya kumwuliza namba. Asichotaka ni wewe kumtibu. Kwa hiyo acha kumtibu. Mwombe mwenzako yeyote kliniki aishike kesi ya Weikko, na akishaishika usimwulize habari zake hata mkikutana kwenye chai. Chakula chake, sukari yake, gololi zake, vyote hivyo si vyako tena. Ile chupa wape watoto wa Shule ya Jumapili wacheze.

Kilicho chako ni bandeji, kwa sababu kuna mguu usiofikika na wewe una mikono. Nenda kwa Onni leo, kabla hajafunga masanduku. Mwambie akuonyeshe anavyofunga, Weikko akiwepo na akisikia. Najua unajua kufunga vizuri kuliko yeye, na najua ile dawa ya ng'ombe inakuwasha. Hiyo kamwachie daktari aizungumze, wewe kaa chini ufundishwe vibaya. Weikko anahitaji kukuona angalau mara moja ukiwa mtu asiyejua kitu. Onni akikukaripia, itikia. Kisha mwulize Weikko swali moja tu, la ndiyo au hapana: nikufunge mimi Onni akiondoka? Akisema hapana, mpigie simu muuguzi wa kaunti wa kuzunguka majumbani siku hiyohiyo, na mji useme utakavyosema. Mji huu ulishasema kwamba mimi nilimuua paka wa mchungaji, na bado nakula na kulala. Mguu wa mumeo ni mkubwa kuliko jina lako.

Akisema ndiyo, basi unapofunga unasema mambo ya kufunga. Inua. Shusha. Pinda kidogo. Ukitaka kuongeza, sema juu ya baridi, au umsengenye Lempi kwa jinsi alivyovaa kanisani. Ndiyo yale maneno uliyosema umeyasahau, hayajaenda popote. Unadhani ulikuwa unasema maneno gani ya ajabu na mumeo huko nyuma? Ulikuwa unasema pisha nipite.

Mkate wa iliki uutoe chini ya kiti cha gari. Uweke mezani Jumapili, kata kipande chako ukile mbele yake kama mtu mwaminifu, na kama daktari wake amemruhusu kipande chembamba, akile, na kama hakumruhusu, hayo ni yake na daktari wake. Nyumba ambayo mtu mmoja anakula kwa siri kwenye gari na mwingine anaumwa kwa siri kwenye sauna ya jirani, ninyi wawili mnafanana kuliko mnavyodhani.

Sasa nimalizie na kile ambacho hukuniuliza. Wewe ni bingwa wa tabia, basi nikupe yako. Weikko akishusha pumzi, wewe unatoa swali. Kila mara. Hata ukiwa umeapa, hata ukiwa umepiga magoti na mkasi mkononi, swali linatoka lenyewe, na ninyi wenyewe mnatufundisha kwamba tabia inayokuja yenyewe namna hiyo haikai bure, kuna kitu inamlipa mwenyewe. Inakulipa nini, mdogo wangu? Nimeisoma barua yako mara mbili kulitafuta jibu. Umeniambia ulifurahi, ulijivuna, uliona wivu, uliaibika, umeumia. Kaka yake Urho umemtaja kwa mstari mmoja, ukamfunika haraka ukasema ni mambo ya zamani. Karatasi zote hizi, maneno yote haya, na hakuna mahali hata pamoja ulipoandika kwamba unaogopa.

Ukiuliza, unakuwa kazini, na aliye kazini haogopi. Nimeelewa. Ningekuwa na mbinu kama yako mume wangu alipougua, ningeishikilia mimi pia mpaka mwisho.

Lakini Weikko naye alimzika Urho. Yuko ndani ya bafu hilo na kitu hichohicho, na mpaka sasa anafikiri ni yeye peke yake katika nyumba hiyo, kwa sababu kila akikutazama anaona mtu aliyetulia mwenye maswali. Basi leo, ukiacha lile swali moja la bandeji, usimwulize kitu. Keti karibu naye umwambie, kwa maneno yatakavyotoka, hata yakitoka vibaya, kwamba unaogopa kumzika. Kisha unyamaze, hata kama anachukua muda, na umwache yeye ndiye aseme.

Bi Tyyne